Shangazi, nilizuia magari yasiondoke, sasa naambiwa niombe radhi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Tabata Segerea na mama pamoja na wadogo zangu wawili. Nafanya kazi katika chama kinachoandaa mashindano ya mbio za magari hapa Dar es Salaam. Jina la chama naomba nisilitaje. Watu wa mbio ni wachache na tunajuana wote.

Mapenzi ya mbio nimeyarithi kwa babu mzaa mama, aliyekulia Lushoto. Tulipokuwa wadogo alituhadithia magari ya mashindano ya Safari Rally yalivyokuwa yakipita Usambara, watu wakikesha kando ya barabara kungoja taa za gari la kwanza, na jinsi Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alivyoshinda mwaka 1966 akarudia tena 1967 na Peugeot 404. Babu hakuwahi kumiliki hata pikipiki, lakini alikuwa akisema sauti ya 404 aliitambua ikiwa bado ng'ambo ya mlima.

Nilianza kama msimamizi wa njia, wenyewe tunawaita mamashali. Nilipewa fulana, chupa mbili za maji na boksi la chakula, nikasimama kwenye kona ya vumbi kule Kisarawe na bendera na filimbi tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Nilirudi nyumbani mwekundu kama tofali, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi namna ile. Baada ya mwaka mmoja wakaniita ofisini, wakasema nije kusaidiasaidia mpaka mashindano yapite. Huu ni mwaka wa tatu, bado nasaidiasaidia.

Watu wakisikia nipo kwenye mbio wanadhani nashinda nikitazama magari. Shangazi, gari likikimbia mimi silioni, nalisikia redioni. Kazi yangu ni karatasi na miguu. Wiki nane kabla ya mashindano naanza kuzunguka na barua: kwa mkuu wa wilaya, kwa polisi wa usalama barabarani, TARURA wenye barabara zao za vumbi, zimamoto, hospitali, kisha kijiji kwa kijiji kwa watendaji na wenyeviti. Barua ya hapa haipokelewi mpaka uonyeshe ya pale. Kijijini lazima mkutano uitishwe, niwaeleze wananchi barabara itafungwa saa ngapi, watoto wasimame wapi, mifugo ifungwe. Nina daftari naliita la kuku. Mashindano yakiisha narudi nalo vijijini kulipa kuku waliogongwa na uzio wa shamba la muhogo ulioangushwa. Mara moja nililipa mbuzi mwenye mimba. Mwenyewe alitaka alipwe wawili, nikaona ana haki.

Wiki ya mashindano yenyewe silali. Kuna dereva anayefika saa tano usiku hana leseni ya mashindano, ananiita mrembo ili nimwandikie tu. Wageni wanapiga simu kutoka Horohoro na Tunduma, magari yao yamekwama mpakani yakisubiri karatasi za kuingia nchini kwa muda. Wakaguzi wanaangalia kofia na mikanda, vitu vyenye tarehe ya mwisho kama dawa, na ikishapita wa kutukanwa ni mimi. Redio zichajiwe, namba zibandikwe, mamashali 80 wapate usafiri na chakula.

Kwa hayo yote napata Sh 350,000 kwa mwezi, nayo inaitwa posho. Mwezi huu inaingia tarehe 5, mwingine tarehe 20, mwingine naambiwa mdhamini hajalipa. Mkataba sina, NSSF sina. Nikiuliza, jibu ni moja: "Hapa sote tunajitolea kwa mapenzi ya mchezo." Mwenyekiti anajitolea kweli, ana maduka yake Kariakoo. Mimi sina duka.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Mashindano yaliyopita tulikuwa upande wa Mlandizi, nami nilikuwa mkuu wa hatua, kile kipande cha barabara kinachofungwa magari yakimbie, yaani ndiye ninayetoa taarifa redioni kwamba njia iko tayari, magari yaanze kuondoka. Mzunguko wa kwanza gari moja lilipinduka, msoma ramani akaumia shingo, ambulensi ikampeleka hospitali ya Tumbi. Tulikuwa nayo hiyo moja tu. Mwanzoni nilikuwa nimeandika mbili, moja ikafutwa kupunguza gharama. Ulipofika muda wa mzunguko wa pili ambulensi ilikuwa haijarudi. Magari 14 yapo kwenye mstari, injini zinaunguruma, jua linashuka. Bosi akanipigia: "Daktari si yupo na begi lake? Ruhusu." Nikasema siwezi. Akapiga tena, nikakataa tena. Baada ya dakika 47 hatua ikafutwa.

Madereva walinizunguka. Mmoja alitupa kofia yake chini miguuni pangu. Jumatatu kwenye kundi letu la WhatsApp ukaandikwa ujumbe kwamba kuna watu wanaua mchezo, jina halikutajwa ila kila mtu akaelewa. Tangu hapo posho haijaingia, sasa inakaribia miezi miwili. Wiki iliyopita nimeambiwa niandike barua ya kuomba radhi kwa madereva na mdhamini, nikubali kwamba nilifanya kosa la kiutendaji, la sivyo nirudi kuwa mshabiki.

Mchumba wangu ni mwalimu wa sekondari Mbagala. Anasema hiyo ni starehe ya matajiri, nitazeeka nimeshika bendera yao. Posa imeshaletwa, anataka niache kabla ya ndoa. Mama yeye anauliza tu, "Hivi mwanangu umeajiriwa au hujaajiriwa?" na sina jibu la kumpa.

Je, niombe radhi yaishe? Niache kazi? Au kweli nilikosea?

Binti wa Segerea

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Hukukosea. Nalisema mwanzo ili ulale leo, mengine tutayafikia.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilimpigia rafiki yangu wa siku nyingi aliyekuwa mpima muda kwenye mbio miaka ile, sasa amestaafu. Nilimsomea kipande cha ambulensi. Alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Alikuwa na umri gani huyo binti?" Akaniambia kwamba ambulensi kusimama mwanzo wa hatua ni sharti, miongozo ya usalama ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, inalitaka. Daktari na begi lake anaweza kuzuia damu, ila hawezi kumbeba mtu aliyevunjika uti wa mgongo kilomita kadhaa za vumbi kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo. Alisema pia kwamba hatua ikisimamishwa katikati, walioshindwa kuipita hupewa muda wa makadirio ulio wa haki, na ikifutwa yote inafutwa kwa wote. Kwa hiyo hakuna dereva uliyemwibia ushindi siku ile. Walikosa kukimbia, basi.

Huyo aliyetupa kofia ningependa ajue habari ya Machi 1986 kule Ureno. Hatua ya kwanza, kwenye vilima vya Sintra, watazamaji walikuwa wamejaa hadi barabarani na hatua ikaachwa iendelee. Gari moja likatoka njia likaingia kwenye umati. Watu watatu walikufa, zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Waliokataa kuendelea na mashindano walikuwa madereva wenyewe wa timu kubwa, tena mabingwa wa dunia walikuwamo. Mei mwaka huohuo dereva Henri Toivonen na msoma ramani wake, Sergio Cresto, wakafa Corsica, na kuanzia 1987 magari yale ya Kundi B, daraja la yenye nguvu kubwa mno, yakaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Hadhari unayoilipia leo imeandikwa kwa vifo vya watu, na wanaoupenda mchezo huu kwa dhati wanalijua hilo kuliko mimi.

Sasa barua ya kuomba radhi. Mwanangu, pole na samahani ni maneno mawili. Dereva aliyenunua matairi, akalipa mafundi, akajaza mafuta, akaja mpaka Mlandizi akarudi bila kukimbia, ana hasara na anastahili pole. Mpe, tena kwa mdomo, ukimtazama usoni, na yule wa kofia uwe wa kwanza kumfuata. Samahani usiitoe. Barua yenye jina lako inayosema kusubiri ambulensi lilikuwa kosa la kiutendaji itakaa kwenye faili. Siku nyingine, kwenye kona nyingine, mtu akifa kwa kukosa gari la kumbeba, itatolewa kuonyesha kwamba chama kilishaamua ambulensi si lazima, na aliyeamua ni wewe.

Andika barua nyingine badala yake. Iwe taarifa ya hatua, ukurasa mmoja: saa ngapi gari lilipinduka, saa ngapi ambulensi iliondoka, saa ngapi ulipigiwa simu na ukajibu nini, saa ngapi hatua ilifutwa. Idadi ya ambulensi kwenye bajeti yako ya kwanza, na idadi iliyobaki baada ya moja kufutwa, ziwemo. Usiweke neno la lawama, saa zenyewe zitasema. Mkabidhi bosi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Swali la mama yako ndilo lililonikaa zaidi moyoni, kwa sababu lina jibu na umecheleweshwa kulipata. Umeajiriwa, mwanangu. Ulikuwa mtu wa kujitolea siku ile ya Kisarawe. Watu wa aina hiyo wapo dunia nzima kwenye mchezo huu. Hata Formula 1, yenye pesa zote zile, wanaopeperusha bendera kwenye kona ni watu wa kujitolea. Wanakuja Jumamosi kwa hiari yao, Jumatatu wanarudi kwenye kazi zao. Ni desturi nzuri na sitaki uidharau. Lakini kujitolea ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Ukiambiwa fika ofisini saa mbili, beba barua hizi, usiondoke mpaka redio zichajiwe, hapo unadaiwa. Kinachodaiwa kina bei.

Sheria yetu imeliona hilo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa: saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, au anamtegemea huyo kwa kipato, au anapewa vitendea kazi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Mashali wa kona hazifikishi hizo saa. Wewe unazimaliza ndani ya wiki moja ya mashindano. Kuiita pesa yako posho hakuligeuzi hilo.

Na ukishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inataka upewe maelezo ya ajira kwa maandishi. Mwajiri akishindwa kuyaonyesha wakati wa mgogoro, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa wake. Kazi ya kawaida ni saa 45 kwa wiki. Ya ziada, mliyokubaliana, inalipwa mara moja na nusu, na siku yako ya mapumziko ya wiki ikiliwa na mashindano, kila saa inalipwa mara mbili. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya kukatwa kwako haizidi asilimia 10. Watakuambia wewe ni meneja na mameneja hawahesabiwi saa. Waulize meneja gani asiye na uwezo wa kuirudisha ambulensi aliyoiandika mwenyewe kwenye bajeti.

Usiende kwao na hasira, na kwenye kundi la WhatsApp usijibu hata neno moja. Kusanya kwanza. Ujumbe wa simu wa kila posho iliyoingia, nakala za barua zenye jina lako, ratiba za mashindano. Hilo daftari la kuku ndilo ningelitanguliza. Lina tarehe, lina vijiji, lina sahihi za watendaji waliokupokea ukiwa mwakilishi wa chama, miaka mitatu mfululizo. Mtu asiye mwajiriwa halipi mbuzi wa watu kwa niaba ya chama. Mwombe mwenyekiti nafasi ya kuonana naye, hata iwe dukani kwake, umwekee mezani barua ya kuomba mambo matatu tu: posho iliyokwama, mkataba wa maandishi, na NSSF. Weka tarehe ya kujibiwa, wiki mbili zinatosha.

Nina sababu ya kukutia haraka. Madai ya mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, na ukifukuzwa una siku 30 tu za kulalamikia kuachishwa. Umesema inakaribia miezi miwili. Hesabu kuanzia tarehe ambayo posho ya kwanza ilipaswa kuingia. Kama siku zinakwisha kabla ya wiki mbili za mwenyekiti, nenda CMA kwanza ukafungue, mazungumzo yataendelea humohumo. Zikiwa zimeshapita unaweza kuomba kuongezewa muda ukieleza sababu, ila usilifanye hilo kuwa tegemeo. Kwenda kule si kutangaza vita. Hatua ya kwanza ni kukalishwa meza moja na msuluhishi, na nimeona watu wakitoka pale wakiendelea kufanya kazi pamoja.

Kuacha kazi? Mimi nisingeacha wiki hii. Ukiondoka sasa utaondoka na jina walilokuandikia kwenye kundi. Dai lako kwanza, kwa karatasi. Wakikataa kabisa, ondoka bila hofu, kwa sababu ulichonacho wanakitafuta wengi. Mji huu umejaa mbio za miguu za hisani, za baiskeli, na matamasha, na wote wanatafuta mtu anayejua barua ya TARURA inatangulia ipi na mtendaji wa kijiji anataka kusikia nini. Ufundi huo hawaufundishi chuoni, umeupata kwa miguu yako.

Mchumba wako simlaumu. Anachokiona yeye ni binti anayerudi usiku wa manane na vumbi kichwani, hana mshahara, na watu wenye pesa wanamfokea. Ningekuwa ndugu yake ningesema kama yeye. Ila anakosea kudhani bendera ni ya matajiri. Watoto waliosimama kando ya njia kule Mlandizi ni wa wakulima, na aliyehangaika waambiwe wasimame wapi ni wewe. Mweleze habari ya ambulensi yote, kwa utulivu, dakika zote 47, kama ulivyonieleza mimi. Mwalimu ataelewa maana ya kulinda watoto wa watu. Halafu mkubaliane jambo la kupimika: mkataba ukisainiwa unabaki, na wikiendi ngapi kwa mwaka ni za mbio mziandike wote wawili. Usipopewa mkataba, unaondoka. Hilo la kukuchagulia kazi kabla hata hamjaoana, mwambie kwa upole kwamba umelisikia na utaliamua mwenyewe.

Yule msoma ramani aliyepelekwa Tumbi hujaniandikia anaendeleaje. Nenda ukamjulie hali wiki hii, na umchukue mchumba wako mwende pamoja.

Shangazi